Sifa ya Asemaye Kweli

Huko St Andrews, Uskoti, watu hucheza gofu kando ya bahari, shimo kwa shimo, hata la 18. Kabla ya kulifikia la 14 pana handaki la mchanga liitwalo Jehanamu (jina ni lao, si letu). Aliyetumbukia humo huhesabu mapigo yake mwenyewe.

Je, akisema kweli, tumsifu? Mwaka 1925, huko Marekani, Bobby Jones aliona mpira wake umetikisika, wengine hawakuona. Akajiongezea pigo moja, na ubingwa akaukosa kwa pigo moja. Sifa alizikataa: kwake ilikuwa kama kumsifu mtu kwa kutoiba benki. Twaona alisema haki. Lakini mchimbaji wetu wa Likasi, ambaye gunia lake hupimwa na mnunuzi, atawaelewa waliomsifu.