Kweli Ndogo na Mlima Mzima

Je, ni uongo kusema neno lililo kweli mahali padogo tu? Swali hili ni la maadili, lakini wanafunzi wa elimu ya umeme hulikuta mapema, wafundishwapo transista, chombo kilichovumbuliwa katika maabara ya Bell, Marekani, mwaka 1947.

Mkondo wa umeme upitao katika kolekta ya transista hutegemea volteji iliyopo baina ya besi na emita. Utegemezi huo si mstari mnyoofu. Ni mpando ambao kila hatua huzidi ukali wa hatua iliyotangulia. Hesabu yake ni ngumu, na kwa hiyo wataalamu wamebuni kielelezo cha ishara ndogo: kwanza hutafuta mkondo wa chombo kikiwa kimetulia, kisha huuchukua mpando uliopo hapo kama kwamba ni mstari mnyoofu.

Tujaribu kielelezo hicho. Katika joto la kawaida la chumba, volteji ikiongezwa milivolti 5, kielelezo husema mkondo utazidi kwa karibu 20 katika kila 100. Kwa hakika huzidi kwa karibu 22. Kosa ni dogo, na kikuza sauti kilichoundwa kwa hesabu hiyo hufanya kazi yake vyema. Lakini volteji ikiongezwa milivolti 100, kielelezo husema mkondo utafika karibu mara 5 ya ule wa kwanza, hali hakika yake ni karibu mara 50. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni umbali kilikopelekwa.

Asimamaye juu ya mteremko wa Uluguru hulijua jambo hili kwa miguu yake. Hatua moja mbele yake ni kama ubao ulioinama, naye aweza kuipima kwa kamba. Akikichukua kipimo hicho akahesabu kwacho njia yote ya kufika Kimhandu, kilele kipitacho mita 2,600, atapotea.

Milima hiyo ina ushahidi mzito zaidi. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwaamuru Waluguru wakate matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Fikra yenyewe haikuwa ya kijinga. Matuta hufaa penye udongo wa kina na maji ya kunyweshea mboga, kama katika sehemu za Mgeta. Lakini amri haikuuliza udongo wa kila mahali. Mahali pengi rutuba ilikuwa tabaka jembamba. Ngazi zikaifukia, na udongo usiozaa ukaletwa juu. Kazi ikawa kubwa na mavuno haba. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliinuka kupinga, mtu mmoja akauawa, na baadaye mpango ukaachwa.

Mtu atasema: kila elimu ya binadamu ina mpaka, tungalingoja kweli kamili, tusingalitengeneza hata redio moja. Nakubali. Mhandisi atumiaye kielelezo chake si mwongo, maana pamoja na jibu lake hutaja mahali alipoanzia na kadiri ya ishara yake. Mkondo wa kutulia ukihama kutoka miliampia 1 hadi 2, hukiacha kipimo cha kwanza akapima upya. Hiyo ndiyo adabu ambayo amri ya matuta iliikosa. Uongo hauanzi katika udogo wa kipimo. Huanza pale mpaka wake unapofichwa au kusahauliwa.

Na sisi tusio wahandisi hupimana hivyo kila siku. Twamwona mtu mpole katika kero ndogo, tukaapa kwamba atakuwa mpole katika msiba mkubwa. Twamwona kijana akikosea jambo dogo, tukamhukumu maisha yake yote. Tulichokiona kilikuwa kweli. Tulichokiongeza hatukukipima, na anayelipa gharama ya nyongeza hiyo mara nyingi si sisi.