Mtoto wa ndugu yangu: nimwandike nani?

Tuweke mfano. Mtu wa Fizi anakimbia vita pamoja na mke wake na watoto. Anavuka Ziwa Tanganyika, anafika kambi ya Nyarugusu, upande wa Kigoma. Karani anamwuliza: «Una watoto wangapi?» Anajibu: «Watano.» Wanne amewazaa yeye. Wa tano ni mtoto wa marehemu ndugu yake mkubwa, naye amemlea tangu alipokuwa ananyonya. Karani anaandika: watano.

Miaka inapita, jamaa nzima inapokelewa Marekani. Sheria ya wakimbizi ya nchi ile, iliyotolewa mwaka 1980, yataka mkimbizi aombe ruhusa ya kukaa daima akiisha kutimiza mwaka mmoja. Ndiyo karatasi ambayo watu wanaiita grini kadi. Basi jioni moja baba yule anaketi mezani mbele ya makaratasi. Ulizo ni lile lile: watoto wako ni nani? Lakini safari hii maelezo yako wazi: ni wale uliowazaa, au uliofanywa baba yao mbele ya sheria, au wale wa mwenzako wa ndoa. Na mwishoni panangoja sahihi yake, yenye nguvu kama kiapo. Kalamu inasimama. Aandike nini?

Kwanza tusimhukumu mtu huyu kwa haraka. Kwetu mtoto wa ndugu yangu ni mtoto wangu. Ananiita baba mdogo, anakula katika sahani moja na wanangu, akifanya kosa namwonya, akiugua silali. Mtakatifu Agustino, mwana wa Afrika, alifundisha kwamba anayesema uongo ni yule aliye na jambo moja moyoni na kutamka jingine ili adanganye. Baba yule alipojibu kule kambini, moyo na kinywa vilipatana. Hakudanganya.

Lakini leo amekwisha fahamu maana ya ulizo. Hapo ndipo shida.

Tumkumbuke Abrahamu. Njaa ilimpeleka Misri, akawa mgeni huko. Akaogopa kuuawa kwa sababu ya uzuri wa Sara, akasema kwamba ni dada yake. Baadaye, kule Gerari, alisema hivyo tena, akajitetea kwamba Sara ni binti wa baba yake kweli, ila kwa mama mwingine. Neno lake lilikuwa na kweli ndani yake, lakini alilifanya pazia. Na nani waliumia? Sara, aliyepelekwa nyumbani mwa Farao, na watu wa nyumba ile, waliopata mapigo bila kujua kosa lao. Basi uongo hukaa katika nia kuliko katika neno. Mwenye haki ya kukuuliza akitaka kujua jambo, nawe ukamjibu kwa maana yako, ukijua kwamba yeye atasikia maana nyingine, umemdanganya.

Wengine watasema: «Serkali ile ni tajiri. Uongo huu unamwumiza nani?» Sikilizeni yaliyotokea. Mwaka 2008 wakuu wa Marekani walipima kwa DNA, yaani kipimo cha undugu wa mwili, watu wa Afrika waliotaka kuwafuata jamaa zao wakimbizi. Kati ya jamaa zilizoitwa kupimwa, zile ambazo undugu wote uliotajwa ulihakikishwa hazikufika moja katika tano. Katika nyingine undugu fulani ulionekana si wa kweli, au watu walikataa kupimwa. Pengine wengi kati yao walikuwa baba wadogo na mama wakubwa kama huyu wetu. Wengine walikuwa wamenunua majina. Mlango ule ukafungwa mwaka ule, ukafunguliwa tena mwaka 2012 tu. Kwa miaka minne mama wa kweli alikosa njia ile ya kumwita mwanawe wa kweli. Uongo wa mmoja hulipwa na jirani yake. Ndiyo sababu amri ya nane yamtaja jirani.

Wengine watasema: «Sheria inayomtenga yatima na mlezi wake si ya haki.» Neno hili lina uzito. Papa Piyo XII, katika barua yake Exsul Familia ya mwaka 1952, aliwaweka Yezu, Maria na Yozefu waliokimbilia Misri kuwa mfano wa jamaa zote za wakimbizi. Papa Yoane XXIII, katika Pacem in Terris ya mwaka 1963, alitetea haki ya mtu kuhamia nchi nyingine. Eklezia yafundisha kwamba nchi zenye mali zapaswa kuwapokea wageni kadiri ziwezavyo. Lakini yafundisha pia kwamba mgeni ashike sheria za nchi iliyompokea. Sheria ikiwa na upungufu, tuseme wazi upungufu wake, tusiizunguke gizani.

Agustino anatusimulia habari za Firmus, askofu wa Tagaste. Mtu mmoja alikimbilia kwake, naye akamficha. Watumishi wa mfalme walipokuja kumtafuta, askofu alijibu kwamba hawezi kusema uongo, wala hawezi kumtoa mtu yule. Wakamtesa, hakubadili neno. Mwishowe alipelekwa mbele ya mfalme, naye akastaajabia moyo wake, akamsamehe mtu yule. Tazameni: alimlinda mkimbizi, na kweli pia akailinda.

Basi baba yetu afanye nini? Aandike watoto wanne. Kisha aeleze habari za wa tano jinsi zilivyo: nani alimzaa, nani alimlea, na jinsi hesabu ya kambini ilivyoandikwa. Asiende kwa wauza hadithi. Amtafute mwanasheria wa kweli; maaskofu wa Marekani walianzisha mwaka 1988 chama cha kusaidia wahamiaji katika mambo ya sheria. Sheria ya wakimbizi yenyewe ina mlango wa huruma: wakuu wanaweza kumsamehe mkimbizi makosa mengi, hata la kusema uongo, kwa ajili ya utu au ili jamaa isitengane. Hatumwahidi kwamba atasamehewa. Kweli yaweza kumgharimu. Lakini karatasi iliyopatikana kwa uongo yaweza kunyang'anywa hata baada ya miaka mingi, na mwenyewe hulala akisikiliza mlango.

Tena kuna mtu mmoja tumemsahau: marehemu. Mtoto akiandikwa kuwa wa mwingine, baba yake anafutwa, kana kwamba hakuishi duniani. Je, huko ndiko kumtunza yatima wa ndugu yako?

Abrahamu naye alijifunza. Sara alipokufa, hakujificha tena. Alisimama mbele ya wenyeji wa Hebroni, akakiri kwamba yeye ni mgeni kati yao, akaomba mahali pa kuzika, akalipa shekeli 400 za fedha, bei kamili. Kaburi lile likawa kipande chake cha kwanza katika nchi ya ahadi. Hakukipata kwa pazia. Alikipata mchana, mlangoni pa mji, watu wote wakisikia.