Kikombe cha Kahawa na Hukumu ya Jumla

Hukumu ya jumla ni kauli inayowabebesha wote jambo lililoonekana kwa wachache. "Anayenunua kahawa dukani anajionyesha tu, maana nyumbani ni rahisi" ni hukumu ya namna hiyo. Ndani yake mna mambo mawili: bei, inayopimika, na nia, isiyoonekana kwa macho.

Hata bei yenyewe si nyepesi. Chukua mfano wa Kibati, iliyo kaskazini ya Goma huko Kivu, mashariki ya Kongo, kwenye barabara ya Rutshuru, chini ya volkano ya Nyiragongo. Alfajiri pana baridi, na ardhi ya mawe ya lava haishiki maji. Msukuma chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili, anayeteremsha viazi kutoka Kibumba, juu zaidi kwenye barabara hiyo, hawezi kuuacha mzigo akarudi kwake kuwasha makaa, kutafuta maji na kungoja yachemke, yote kwa kikombe kimoja. Akisimama kando ya njia, analipia moto uliokwisha kuwaka, viganja vyake vinapata joto, na anasikia habari za barabara iliyo mbele. Mwaka 2008 Kibati ilijaa maelfu ya watu waliokimbia vita. Kwa hao neno "nyumbani", ambalo hukumu ile inalitegemea, halikuwa na maana ya kawaida.

Wanamantiki walioandika kwa Kiarabu walilichunguza mapema kosa hili la kuwahukumu wote kwa wachache. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitumia mfano uliokuwa maarufu: mtu huona farasi, ng'ombe na binadamu wakitafuna kwa taya la chini, akasema kila mnyama hutafuna hivyo, na kumbe mamba, kama ilivyoaminika, hutumia taya la juu. Mfano huu unafundisha zaidi ya ulivyokusudiwa, kwa kuwa mamba naye huchezesha taya la chini; ni kichwa kinachoinuka kilichomdanganya mtazamaji. Kanuni ilijengwa juu ya wachache, na pingamizi lake likapokelewa bila kuchunguzwa.

Kuhusu nia, dini zinakwenda mbali zaidi kuliko mantiki. Sura ya 49 ya Qurani inaonya juu ya dhana, na sura ya 7 ya Injili ya Mathayo juu ya kuwahukumu wengine. Kwa mafundisho hayo, kumwita mnywaji wa kahawa mwenye majivuno bila kumjua ni kumdhulumu, hata kama baadaye itaonekana kwamba ni kweli.

Hukumu za huruma nazo zinadai ushahidi uleule. Husemwa kwamba mkulima wa Kivu hajui ladha ya kahawa yake, kwa sababu magunia huuzwa nje. Magunia yanaonyesha kahawa inakokwenda, wala hayasemi kilichobaki jikoni. Anayetaka kujua hilo itambidi aulize nyumba kwa nyumba, mashambani na mjini, wakati wa mavuno na wakati ghala ni tupu, na aandike pia majibu ya wale wanaokunywa chai.