Kumkabidhi Kijana Mgonjwa Amana ya Mwili Wake

Usiku mmoja, baada ya kwisha darasa letu hapa Bondeni, Nakuru, alitujia mama mmoja na suali ambalo hatukuthubutu kulijibu papo hapo. Mwanawe ana umri wa miaka 17. Tangu alipokuwa na miaka 8 anaugua ugonjwa wa sukari, ule uwapatao watoto, na kwa miaka 9 mama huyo ndiye aliyempima damu, akamdunga sindano ya insulini asubuhi na jioni, na akampeleka kliniki ya watoto. Siku moja aliambiwa hospitalini kwamba kijana amekwisha kuwa mkubwa, na tangu mwezi ujao aende kliniki ya watu wazima. Hakupewa ila kipande cha karatasi. Kijana akaenda mara moja, akakaa benchini pamoja na wazee wa umri wa babu yake, akaandikiwa dawa na mtu asiyemjua, asirudi tena. Ramadhani ilipoingia alifunga kwa siri, akabadilisha kiasi cha sindano kwa kukisia, akaokotwa njiani amezimia.

Mama akatuuliza: "Je, nina dhambi kwa kumwachia? Na nikiendelea kumdunga mimi hata aote ndevu, je, huko nako si kumdhulumu?"

Tumelizungumza suali hili kwa majuma kadhaa, na haya ndiyo tuliyoyaona.

Kwanza yatupasa tufahamu kwamba jambo hili ni jipya, na ndiyo sababu wazee wetu hawakutuachia neno juu yake. Mtoto aliyepatwa na ugonjwa huu zamani hakuishi ila miezi, au mwaka mmoja au miwili. Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na wa kwanza kudungwa alikuwa kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, katika Januari 1922. Kijana huyo alikuwa karibu ya kufa, naye akaishi mpaka mwaka 1935, akafa akiwa na miaka 26. Basi yeye ni katika watoto wa mwanzo waliovuka mlango wa utu uzima na ugonjwa huu mwilini. Leo, alhamdulillahi, wanaovuka ni wengi. Mwaka 2008 yalianzishwa Nairobi mafunzo ya kuwaelimisha madaktari wa watoto wa nchi za Afrika juu ya magonjwa ya homoni. Mwaka 2009 ukaanzishwa mpango wa Changing Diabetes in Children, ambao Kenya imo ndani yake, wa kuwapa insulini bure watoto wa nchi zisizo na uwezo. Lakini kila mpango wa watoto hauna budi kuwa na mpaka wa umri. Tumejifunza kuwaokoa watoto, wala hatujajifunza kuwapokea wakiwa watu wazima.

Wala ugonjwa wa sukari si peke yake. Homoni ni vitu ambavyo tezi za mwili huvipeleka katika damu ili kuamrisha kukua, kubaleghe, nguvu na utulivu. Yuko mtoto ambaye tezi yake ya koo haifanyi kazi, naye hana budi kumeza kidonge kila siku ya maisha yake. Yuko ambaye tezi zilizo juu ya figo zina kasoro. Huyo akipatwa na homa kali hana budi kuongeza dawa yake mara mbili au tatu, na asipofanya hivyo aweza kufa kwa siku moja. Wako mabinti ambao bila ya dawa hawaoni hedhi. Yote haya ni maradhi yasiyokwisha. Daktari huonana na mgonjwa kwa dakika chache katika mwezi, na siku zote zilizobaki daktari wa mgonjwa ni nafsi yake mwenyewe.

Sasa tuutazame huo mlango. Pengine mtoto huondolewa kwa madaktari wa watoto akiwa na miaka 12 au 13, na pengine akiwa na miaka 18, umri ambao sheria ya Kenya humhesabu kuwa mtu mzima na kumpa kitambulisho. Hospitali ina udhuru wake: vitanda ni vichache, na mtu wa ndevu hawezi kulala kando ya mtoto mchanga. Lakini umri huo ndio umri mgumu kuliko yote. Mwili wa anayebaleghe huikataa insulini, na kiasi kilichotosha jana leo hakitoshi. Pia ndio wakati ambao kijana huona haya kujidunga mbele ya wenziwe, na hupenda kuwa kama wao katika kula na katika kufunga. Na huko aendako, wagonjwa wengi wa sukari ni watu wazima ambao miili yao bado ina insulini yake, na wengi wao hutumia vidonge. Shauri lililo jema kwao laweza kumwangamiza yeye, kwani mwili wake hauna insulini ya kutosha kumweka hai, na akiikosa kwa siku chache tu damu yake huingia sumu. Basi twamtoa kijana katika mkono unaomjua, wakati ambapo mwili wake na moyo wake vyote viwili vinatikisika, twamtia katika mkono usiomjua, kisha twastaajabu akipotea.

Hapa ndipo tulipokumbuka kwamba sheria yetu imekwisha kutufundisha tofauti ya mambo mawili ambayo watu huyachanganya, nayo ni kubaleghe na rushdi. Kubaleghe ni kufika umri. Rushdi ni kuwa na akili ya kuendesha mambo. Kubaleghe huja kwenyewe, mtu akiwa amelala. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ni ya wengi wetu katika Afrika ya Mashariki, waliweka miaka 15 ya mwezi mwandamo kwa yule asiyeonyesha alama nyingine. Ama rushdi haiji kwa kalenda. Katika Surat an-Nisaa, aya ya 6, walii wa yatima ameamrishwa mambo matatu juu ya mali ya yatima: amjaribu kabla, amkabidhi akimwona ana rushdi, na aweke mashahidi wakati wa kumkabidhi. Basi ikiwa mbuzi na shamba la yatima havitolewi bila ya majaribio na mashahidi, vipi uhai wa kijana utolewe kwa kipande cha karatasi?

Mtu aweza kutujibu: "Mnalinganisha visivyolingana. Mali ya yatima yaweza kungoja sandukuni mpaka apate akili, bali mwili haungoji. Tena mali ilikuwa mkononi mwa walii, na mwili ni wa kijana tangu alipozaliwa." Jawabu hili lina haki ndani yake, nasi hatulikatai. Kwa sababu hiyo twaona kwamba majaribio ya mwili yapasa kuanza mapema zaidi kuliko majaribio ya mali, na yawe na mwisho. Imamu Shafi alisema kwamba asiye na rushdi huendelea kuzuiliwa mali yake hata akizeeka. Lakini Imamu Abu Hanifa alisema kwamba akifika miaka 25 hukabidhiwa mali yake hata kama rushdi haijaonekana, kwani kumzuilia zaidi ya hapo ni kumvunjia utu wake. Katika mali sisi twafuata madhehebu yetu. Ama katika jambo la mwili, moyo wetu umeielekea hoja ya Abu Hanifa. Mtu mzima asiyeachiwa mwili wake hajaachiwa chochote.

Na majaribio hayo ni yapi? Si mtihani wa kalamu. Mtoto wa miaka 10 na ajipime damu mwenyewe huku mama akitazama. Wa miaka 12 na ajidunge, na mama ahesabu naye kiasi. Wa miaka 14 na aingie peke yake kwa daktari kwa nusu ya mazungumzo, aseme yeye, mama akae nje. Anayekwenda skuli ya bweni, na wengi katika nchi hii huenda, na ajue kuieleza khatari yake kwa mwalimu na kwa rafiki mmoja, na ajue kuihifadhi insulini mahali pasipo na friji. Hapa Nakuru baridi ya juu hutusaidia, lakini kwa ndugu zetu wa Marigat na Baringo, ambako jua huchoma, mtungi wa udongo uliotiwa maji, uwekwe penye kivuli na upepo, huipunguzia dawa joto. Akikosea, asipigwe wala asitukanwe, bali aulizwe: umeona nini, na kesho utafanyaje? Kwani mtoto anayeogopa kugombezwa huandika namba za uwongo katika daftari lake.

Na saumu ni katika majaribio makubwa. Kijana wa mama huyu hakufunga kwa uasi. Alifunga kwa kutaka kumridhi Mola wake na kufanana na wenziwe. Kosa ni letu sisi tuliomfundisha kwamba saumu ni faradhi, tusimfundishe kwamba ruhusa ya mgonjwa nayo imetoka kwa Aliyeifaradhisha. Anayekhofia kuangamia haifai kwake kufunga, na asiyetaraji kupona ana fidia ya kumlisha maskini kwa kila siku. Ampaye kijana sindano pasipo kumpa elimu hii amemkabidhi nusu ya amana.

Ama mashahidi, hapo lipo jukumu la waganga. Twawaomba, kwa heshima, wasimtoe kijana kwa siku moja. Daktari wa watoto na daktari wa watu wazima na wakae naye pamoja, walau mara moja, mmoja aseme: "Huyu nimemlea, na hii ndiyo khabari yake," na mwingine aseme: "Nimempokea." Na iwekwe siku moja katika mwezi ambayo vijana watatibiwa pamoja, wasichanganywe na wazee. Mambo haya hayahitaji jengo jipya. Kijana atokaye Molo, Eldama Ravine au Naivasha kwa nauli ya matatu aliyoikopa, akifika akaambiwa faili lake halikuonekana, ana udhuru wa kutorudi. Lakini udhuru wake hautamponya.

Twarejea kwa mama wetu. Suali lake lilikuwa na khofu mbili, nasi twaona kwamba zote mbili ni za kweli. Kumwachia kijana kabla ya kumjaribu ni kuipoteza amana. Na kumshikilia baada ya kuonyesha akili ni kuila amana, hata kama mshikaji ni mama mwenye huruma. Wako wazazi ambao, bila ya kujua, wameufanya ugonjwa wa mtoto kuwa kazi yao na heshima yao, wakawa wakhofia kupona kwa utegemezi wake kuliko wakhofiavyo maradhi yenyewe. Nasi tusimtake kijana awe mkamilifu ndipo tumwamini. Ni nani katika sisi, watu wazima, asiyesahau kumaliza dawa aliyoandikiwa? Rushdi si kutokosea. Rushdi ni kulijua kosa lako, na kujua ni nani wa kumwendea.

Basi tulimwambia: dhambi haiko katika kuacha wala katika kushika, iko katika kuacha ghafla na katika kushika daima. Mpe sindano mkononi mwake, nawe ukae karibu. Nenda naye katika kliniki hiyo mpya mara mbili au tatu, ukae benchini pamoja naye kati ya wale wazee, mpaka daktari alijue jina lake. Kisha siku moja ubaki nyumbani.

Alinyamaza kidogo, akasema kwamba hilo la mwisho ndilo gumu. Nasi hatukuwa na la kumjibu ila kwamba amesema kweli. Na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi.