Uzuri wa Mzigo Unaopita

Mtu akizaliwa Ibra, Oman, kisha akapenda treni za mizigo, penzi lake liko mbali. Sharqiyah yote mpaka Sur, na Dakhiliyah mpaka Nizwa, hakuna reli. Mizigo ya huko huenda kwa malori. Zamani ilikwenda kwa ngamia, na ikifika pwani ikapakiwa majahazini. Reli ya Hafeet inayojengwa sasa, yenye urefu wa kilomita zipatazo 238, itaunganisha Sohar na Abu Dhabi, na njia yake haifiki kabisa upande huu wa nchi. Kwa hiyo mpenzi huyo huchukua kamera yake akavuka mpaka hadi Falme za Kiarabu, ambako tangu 2016 treni za Etihad Rail hubeba salfa kutoka Shah na Habshan hadi Ruwais. Au hungoja likizo, akaenda Mombasa kwa jamaa, akasimama kando ya reli inayopandisha makontena kwenda Nairobi.

Nyumbani huwa kuna bibi aliyerudi kutoka Unguja baada ya 1970, anayezungumza Kiswahili na wajukuu zake hadi leo. Yeye huuliza moja kwa moja: "Mwanangu, mzigo wa watu, wewe unakuhusu nini?"

Ni swali la dini, na ndani yake mna maswali mawili. La kwanza, kama kupiga picha kwenyewe kunaruhusiwa, ni jepesi. Hadithi zinazowaonya wenye kutengeneza picha zinajulikana, na katika Sahih al-Bukhari imo pia habari ya mtu aliyekwenda kwa Ibn Abbas akamwambia kwamba riziki yake inatokana na kazi hiyo. Ibn Abbas alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Kamera ilipoenea, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliandika risala kutetea upigaji picha. Kwake yeye, kamera huzuia kivuli tu, haiumbi kitu. Sultani Abdulhamid II, aliyejenga reli ya Hijazi kutoka Damascus hadi Madina kati ya 1900 na 1908, alikusanya picha za himaya yake albamu kwa albamu. Wanazuoni wengine hawakuridhika, hasa kwa picha za watu. Lakini behewa la salfa halina roho, na hapo hakuna mengi ya kubishania.

Swali la pili ndilo zito: je, kusimama juani saa nzima kutazama mali ya wengine ikipita si upuuzi? Sura ya Al-Mu'minun inawasifu wanaojiepusha na mambo ya upuuzi, na mwenye kamera hawezi kulikwepa hilo kwa kusema tu kwamba hamdhuru mtu.

Jibu lenye uzito zaidi limo katika mwanzo wa Sura ya An-Nahl. Inapozungumzia wanyama wa kufugwa, inataja joto na chakula wanachowapa watu, kisha inataja uzuri ambao watu huuona kwao wanaporudi jioni na wanapotoka asubuhi. Baada ya uzuri huo ndipo inapotaja mizigo, ile inayobebwa mpaka miji ambayo mtu asingeifikia ila kwa mashaka. Halafu wanakuja farasi, nyumbu na punda, na kauli kwamba Mungu anaumba wasivyovijua watu. Wafasiri kadhaa wa zama hizi wameingiza humo treni na ndege. Maana yake ni kwamba uzuri wa kitu kinachobeba ni neema yenye nafasi yake, mbali na faida ya sokoni. Nizwa watu wanalijua hili bila kufundishwa. Kila Ijumaa asubuhi, karibu na ngome, wauzaji huzungusha mbuzi na ng'ombe kwenye duara. Wanunuzi hupapasa migongo na kufunua midomo kutazama meno, na waliosimama nyuma, wasio na nia ya kununua hata mwanambuzi, hutazama tu mpaka mwisho. Hakuna anayewaita wapuuzi.

Lakini mzigo una mwenyewe, na una aliyeubeba. Ibra inapaswa kulijua hilo kuliko miji mingine. Majumba ya mtaa wa kale wa Al-Minzfah, yenye milango na matao ya fahari, yalisimama kwa mali iliyotokana na biashara ya Afrika Mashariki, na biashara hiyo ilikuwa ya pembe, ya karafuu, na ya wanadamu. Mpagazi wa msafara alibeba kama frasila mbili, karibu kilo 32, akitembea kwa miezi kutoka Tabora hadi Bagamoyo.

Sasa tazama picha ya kichwa cha treni cha aina ya 59, kile kilichotengenezwa Manchester miaka ya 1955 na 1956 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kimoja, Mount Gelai, kimehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi. Kilivuta tani 1,200 kupanda kutoka Mombasa. Hata ukitoa nusu kwa uzito wa mabehewa yenyewe, kinachobaki kingehitaji wapagazi zaidi ya 18,000. Mabega mangapi yalipumzika! Kushukuru kwa hilo hakuwezi kuwa upuuzi. Ila picha hiyohiyo ina deni: reli ya Mombasa hadi Kisumu, iliyojengwa kati ya 1896 na 1901, iliwaleta vibarua karibu 32,000 kutoka India, na karibu 2,500 kati yao walikufa kazini.

Kwa hiyo anayetafuta chuma kinachong'aa peke yake, asiyetaka mtu aonekane ndani ya fremu, ameshika uzuri na kuacha mzigo. Hapo bibi ana haki ya kumlaumu.

Unguja nayo ilikuwa na reli ya Bububu, iliyofunguliwa 1905 na Wamarekani. Kadi za posta za enzi hizo zinaonyesha treni ikipenya katikati ya nyumba za mjini. Mwaka 1922 ilifungwa kwa abiria, na baadaye ikatoweka kabisa. Bila wale waliosimama njiani na kamera, wajukuu walioko Oman wangebaki na masimulizi tu.

Hafeet ikianza kazi, mtu wa Ibra atakuwa na safari ya zaidi ya kilomita 300 hadi Sohar. Kwa madhehebu ya Ibadhi, akishapita farsakh mbili, kama kilomita 12, nje ya mji wake, ni msafiri: atapunguza sala, na anaruhusiwa kuchanganya Adhuhuri na Alasiri. Akisha kusali atakuwa na alasiri nzima, na jua la saa hizo ndilo linalowafaa wapiga picha. Muda utamtosha pia kumwendea dereva na wafunga mabehewa, kuwaomba ruhusa ya kuwapiga picha, na kuandika nyuma ya kila picha siku hiyo walibeba mzigo gani, na walikuwa wanaupeleka wapi.