UMEZIBA NGURUZI?

Kijana mpendwa, usiitupe karatasi hii. Isome mpaka mwisho. Haitakuchukua hata dakika 10, na huenda ikaokoa maisha yako.

Nenda siku moja ufukweni, Kunduchi au Bagamoyo, wakati vijana wanashua vyombo. Kaa kando uangalie. Utacheka! Watu sita wanasukuma mashua, mishipa ya shingo imewatoka, "Haya, twende! Harambee!" Chombo hakisogei. Kumbe nanga bado imezama mchangani. Wengine wameshapanda, wanapiga makasia kwa nguvu zote, wakigeuka nyuma wanaona kamba ingali imefungwa kwenye mnazi. Wengine hawajui hata makasia yako wapi. Wameyaacha kibandani!

Mwingine ana boti ya mashine. Amewasha, imenguruma vizuri, amepiga mluzi, anawapungia mkono waliobaki. Baada ya dakika chache, kimya. Anavuta kamba ya kuwashia mpaka bega linauma. Anafungua plagi, anapuliza mpira wa mafuta, anailaani mashine. Kumbe amesahau kulegeza kile kiskrubu cha hewa juu ya kifuniko cha tangi. Tangi limekosa pumzi, mafuta hayaji. Kitu kidogo namna ile!

Na wako waliokaa kupiga soga. Bahari yetu hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua maji huweza kushuka karibu mita 4. Wanapomaliza soga wanakuta chombo kimelala ubavu kwenye mchanga mkavu. Hapo hakuna la kufanya ila kukaa na kungoja masaa mpaka maji yarudi.

Hayo yote ni ya kuchekesha. Lakini liko moja ambalo halichekeshi.

TUNDU DOGO CHINI

Mashua nyingi zina tundu dogo chini. Chombo kikipandishwa pwani, tundu linazibuliwa ili maji ya ngama yatoke. Kizibo chake kinaitwa nguruzi. Ni kitu cha kuenea kiganjani tu. Kabla ya kushua, lazima nguruzi irudishwe na igongwe mpaka ikaze.

Ukisahau, je, chombo kitagoma kwenda? Hapana! Kitashuka vizuri. Kitaelea. Tanga litapanda, watu wataimba. Maji hayaingii kwa kelele, rafiki yangu. Yanaingia polepole chini ya nyavu, chini ya magunia, mahali ambapo hakuna anayeangalia. Mpaka mtu aseme, "Mbona miguu yangu imelowa?" tayari mko mbali.

Sasa nakuuliza wewe unayesoma: nguruzi yako iko wapi? Kwa nje unapendeza. Shati limepigwa pasi, viatu vinang'aa, kijiweni wanakuita mkali. Lakini chini pana tundu. Wewe unalijua. Ni pombe? Ni bangi? Ni kamari? Ni yule mume wa mtu, au yule mke wa mtu? Ni pesa ya mwajiri unayoidokoa kidogo kidogo? Unasema, "Aah, ni kitu kidogo hicho." Ndiyo, kidogo. Nguruzi nayo ni ndogo.

KILA MMOJA ALIDHANI MWENZAKE AMEFUNGA

Usidhani mambo haya ni ya mashua za mbao tu. Tarehe 6 Machi 1987, meli kubwa ya chuma iitwayo Herald of Free Enterprise iliondoka bandari ya Zeebrugge, Ubelgiji, kwenda Dover, Uingereza. Ilibeba abiria na magari. Upande wa mbele ilikuwa na milango mikubwa ya kuingizia magari, na siku hiyo iliondoka milango iko wazi!

Kwa nini? Baharia aliyepaswa kuifunga alikuwa amelala chumbani kwake. Mkubwa wake aliiona iko wazi, lakini akahesabu kwamba siyo kazi yake. Ofisa akadhani yule baharia yuko njiani anakuja kufunga. Nahodha kule juu hakuwa na hata taa ya kumwonyesha, akadhani imefungwa. Meli ikaongeza mwendo, maji yakaingia kwenye sitaha ya magari, ikalala ubavu dakika chache tu baada ya kutoka bandarini. Hapakuwa na dhoruba, bahari ilikuwa shwari. Watu 193 walikufa.

Kila mmoja alidhani mwenzake amefunga! Na wewe je? Unasema, "Mama yangu ni mtu wa maombi." "Bibi yangu alikuwa mzee wa kanisa." "Nilibatizwa nikiwa mtoto." Mama akuombee, na Mungu ambariki kwa machozi yake. Lakini mama hawezi kutubu kwa niaba yako. Mlango wako utaufunga wewe.

KICHEKO KINAUA

Sasa sikiliza. Mtu akigundua nguruzi haipo, naye bado yuko hatua 20 kutoka pwani, kwa nini harudi? Nitakwambia. Anaogopa kuchekwa. Ameshajigamba. Wachuuzi wa samaki wanamtazama, washikaji wanamtazama. Basi anachana kipande cha fulana, anakisokomeza pale kwenye tundu, anasema, "Twende tu, tutaziba vizuri huko mbele."

Kitambaa! Kijana, umejiziba na vitambaa vingapi? "Nitaacha Mwaka Mpya." "Nitaokoka nikishaoa." "Ngoja nile ujana kwanza." Kitambaa hushika kwa muda. Kilindini kinachomoka.

Nahodha mwenye akili haoni haya. Anasema, "Geuza!" Watamcheka robo saa, naye jioni atarudi nyumbani kwa wanawe. Kuziba nguruzi ufukweni ni kazi ya dakika moja. Kilindini, watu wote watakumba maji kwa makopo mpaka mikono ife ganzi, na bado maji yatawashinda.

Soma Matendo ya Mitume sura ya 27. Paulo alikuwa mfungwa tu, lakini aliwaonya wasitoke bandarini. Nahodha na mwenye meli wakasema twende, na wengi wakaunga mkono. Upepo mwanana wa kusini ukavuma, wakaona mambo yamenyooka. Siku 14 baadaye meli ilivunjika vipande pale Malta, shehena yote ikapotea, na watu wote 276 wakapona kwa rehema za Mungu peke yake. Wengi walikosea! Na upepo mzuri wa asubuhi siyo ruhusa ya Mungu.

GEUZA SASA

Rafiki, kama unasoma haya bado uko karibu na pwani. Pumzi unayo. Yesu yuko ufukweni anakuita, wala hakucheki. Alikufa msalabani kwa ajili ya tundu hilo hilo unaloficha. Usingoje kesho, maji yanapwa. Sema naye sasa hivi, hapo hapo ulipo:

"Bwana Yesu, nimetoka bila wewe na maji yanaingia. Nimechoka kuficha. Ninatubu dhambi zangu, nisamehe, unisafishe kwa damu yako. Kuanzia leo shika usukani wa maisha yangu. Amina."

Kama umeomba kwa moyo wako wote, Mungu amekusikia. Leo hii mwambie mtu mmoja. Jumapili tafuta kanisa linalohubiri wokovu, ukae na watu watakaokusaidia. Watakaokucheka, waache wacheke.

Na kama wewe ni mvuvi kweli, basi kesho kabla ya kushua angalia nguruzi, makasia na kopo la kukumbia maji. Usimwachie mwenzako.

Ukimaliza kusoma, mpe rafiki yako naye asome. Bwana Yesu asifiwe!