La Saba Lako Lina Kazi, Mama wa Mkonze

Leo sisemi na waziri wala na mtaalamu wa mitaala. Nasema na wewe mama wa hapa Mkonze, Dodoma, uliyemaliza darasa la saba, ukapewa cheti, ukakitia chini ya kanga sandukuni, na tangu siku hiyo hujakitoa ila ulipohama nyumba. Kuna kazi moja ambayo hakuna atakayekufanyia, si jirani, si bwana mkubwa wa ofisi za Serikali zilizohamia huku. Kazi hiyo uliwahi kuitiwa ghafla, Machi 2020, bila barua na bila semina.

Tarehe 16 mwezi ule Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kesho yake Waziri Mkuu Kassim Majaliwa akafunga shule zote, kuanzia za awali hadi kidato cha sita, kwa siku 30. Siku 30 zikazaa nyingine. Tukajifukiza nyungu, tukakamua malimao, tukafunga vibuyu chirizi mlangoni, na watoto wako nyumbani. Ligi Kuu ilirudi uwanjani Juni 13. Watoto wa shule za msingi walirudi darasani Juni 29. Nami ni mpenzi wa mpira, kwa hiyo sina nongwa, lakini mpangilio huo nimeukumbuka tangu wakati ule. Ukihesabu tangu siku milango ilipofungwa, ni zaidi ya wiki 14.

Nchi ilijitahidi, tusiseme uongo. Taasisi ya Elimu Tanzania ilipeleka masomo redioni na kwenye televisheni. Ubongo Kids, ambao tangu 2014 walikuwa wakifundisha hesabu kwa katuni na kwa Kiswahili, waliingia sebule nyingi. Shule za kulipia zikafungua makundi ya WhatsApp: asubuhi mwalimu anatuma kazi, jioni mzazi anapiga picha daftari. Sisi wa kayumba, shule za Serikali, je? Kitochi hakipokei picha. Mwenye simu janja alikuwa na bando la siku, na likikata saa nne asubuhi, shule imefungwa mara ya pili. Aliyekuwa na vijisenti alikwenda stesheneri akanunua mitihani ya miaka ya nyuma. Wengine walibaki na daftari lililoishia katikati ya mwezi wa tatu.

Na Dodoma tuna letu la ziada. Mwezi wa nne na wa tano uwele na mtama unakomaa, kweleakwelea wanashuka kwa makundi, na mwenye macho makali na miguu myepesi ya kuamia ndege ni mtoto wa darasa la nne. Shule inapofungwa Machi, ulingo unafunguliwa. Simlaumu mtu hapa. Aliyelima anajua kwamba njaa haisubiri tangazo la Waziri Mkuu.

Baada ya hapo yalikuja matokeo ya darasa la saba. Mtihani ulisogezwa hadi Oktoba 2020, na matokeo yalipotoka, ufaulu ulikuwa umepanda kidogo kuliko mwaka uliotangulia. Watu wakapumua. Si mnaona? Korona haikuwadhuru watoto! Hapo ndipo ninapogoma. Waliofanya mtihani ule walisukumwa na kila mtu, mwalimu, mzazi na hofu ya mtihani wenyewe. Nani alimpima mtoto wa darasa la kwanza aliyekuwa amefika silabi za "ba be bi" mlango ukafungwa? Mtoto huyo darasa lake la saba ni 2026. Pengo la msingi halipigi kelele siku linapotokea.

Nina ushahidi wa hilo, nao umetoka mbali. Oktoba 8, 2005 tetemeko kubwa la ardhi lilipiga kaskazini mwa Pakistan. Shule zilianguka, na watoto wa maeneo yaliyopigwa sana wakakosa masomo kwa wastani wa wiki 14. Wiki 14, Mkonze! Karibu sawasawa na zetu. Watafiti watatu, Tahir Andrabi, Benjamin Daniels na Jishnu Das, walirudi huko miaka minne baadaye. Nyumba zilikuwa zimejengwa upya, misaada ilikuwa imemwagika, familia zimesimama. Ukiangalia kwa macho tu, msiba umekwisha. Wakawapa watoto mtihani. Watoto waliokuwa karibu na tetemeko walikuwa nyuma ya wenzao kwa kiasi cha mwaka mmoja na nusu wa masomo. Walikosa miezi mitatu na ushei, wakapoteza mwaka na nusu, yaelekea kwa sababu walirudi darasani wakakuta mwalimu anaendelea na somo lililojengwa juu ya lile ambalo hawakulipata.

Lakini kulikuwa na watoto ambao pengo hilo halikuonekana kwao. Wameishi bonde lile lile, wameshuhudia udongo ule ule ukitikisika, shule zao zimefungwa vilevile. Matokeo yao yalilingana na ya watoto ambao hawakuguswa kabisa. Ukiuliza walikuwa na nini, jibu linakuhusu wewe: walikuwa na mama aliyemaliza shule ya msingi.

Soma tena. Watafiti hawakusema mama mwenye digrii. Walisema shule ya msingi. Kile cheti kilicho chini ya kanga.

Najua unavyosemwa. Mtu akikosea kuandika, "la saba huyo." Mbunge akisema jambo la ovyo, "si la saba tu?" Tumelifanya darasa la saba kuwa tusi, na wewe mwenyewe umelimeza hadi ukaamini kwamba mtoto akileta daftari, kazi yako ni kumwambia amsubiri mwalimu. Hata darasa lenyewe linaelekea kuondoka, maana sera mpya ya elimu iliyozinduliwa hapa Dodoma mwaka 2025 inaifanya elimu ya msingi kuwa ya miaka sita. Sawa, liondoke. Uliyoyasoma humo hayaondoki nalo. Unajua kusoma Kiswahili. Unajua kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Mtoto wa darasa la kwanza hadi la tatu ana mahitaji gani makubwa kuliko hayo?

Na nchi hii iliwahi kuwategemea watu wa la saba kwa jambo zito kuliko hili. Azimio la Musoma la 1974 lilitaka kila mtoto wa Tanzania awe shuleni ifikapo 1977. Madarasa yangeweza kujengwa kwa nguvu za wananchi, lakini walimu wangetoka wapi? Serikali iliwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, ikawaweka mbele ya ubao vijijini, na ikawafundisha ualimu wakiwa kazini, kwa masomo yaliyofika kwa posta na vipindi vya redio. Walifuzu zaidi ya 35,000. Walimu wa UPE, yaani elimu ya msingi kwa wote! Walichekwa sana, na wengine walistahili kidogo. Lakini ukimwuliza mzee yeyote wa umri huo aliyejifunza kusoma katika shule ya kijiji, kuna uwezekano mkubwa aliyemshika mkono akaandika jina lake alikuwa mmoja wao. Mwaka mmoja kabla ya Azimio hilo, watu wazima wapatao milioni mbili walikaa katika vikundi kuzunguka redio, wakasikiliza kampeni ya Mtu ni Afya, wakajadili, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Kwa hiyo mtu akikwambia masomo ya mbali ni mambo ya kizungu yenye kompyuta, mwambie bibi yako alisoma kwa mbali wakati Dodoma bado haijawa jiji.

Basi inuka. Kazi yenyewe haina ufundi wa ajabu. Jioni unaposonga ugali, mtoto akae penye mwanga asome ukurasa mmoja kwa sauti. Akikwama, arudie silabi. Akimaliza, mwulize nani alifanya nini, na kwa nini. Kama hawezi kukusimulia, basi hakusoma, alitamka tu, na umegundua jambo ambalo mwalimu mwenye watoto mia darasani hana nafasi ya kuligundua. Wewe una watatu au wanne. Ukirudi sokoni, mpe hesabu ya kweli: nimeuza mafungu saba ya nyanya kwa 500 kila fungu, mteja katoa 5,000, nimrudishie ngapi? Ajibu kabla hujavua kandambili. Hata kwenye ulingo daftari linapanda. Kati ya kundi moja la ndege na jingine, tebo ya saba inakwisha na ya nane inaanza.

Na wewe ambaye hukufika la saba, au hukuingia kabisa darasani? Sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Utafiti wa Pakistan uliwasifu mama waliosoma, na wewe hukuwamo. Ila una masikio, na mtoto anayesoma kwa kubabaisha anasikika hata kwa asiyejua herufi. Dai asome. Dai asimulie. Mkubwa amfundishe mdogo mbele yako, nawe ukae hapo hadi wamalize. Kisha ulizia madarasa ya elimu ya watu wazima, yale ya mpango wa MUKEJA. Kusoma ukiwa na miaka 40 si aibu. Aibu ni kusomewa SMS ya kikundi chako cha VICOBA na mtu anayekuibia.

Akina baba mnaocheka pembeni, nisikilizeni. Pakistan ilipima mama, lakini hakuna aliyewakataza nyinyi. Ukiweza kukumbuka kikosi cha Simba au Yanga cha misimu mitano iliyopita na dakika ya kila goli, kichwa chako kina nafasi ya kutosha kwa sehemu na desimali za darasa la tano. Kijiwe hakitavunjika ukichelewa nusu saa.

Walimu nao wana sehemu yao, na hapa nina habari njema kwa wenye vitochi. Shule zilipofungwa nchini Botswana mwaka 2020, watafiti wakishirikiana na shirika la vijana liitwalo Young 1ove walizifuata familia zipatazo 4,500. Baadhi walipelekewa maswali ya hesabu kwa SMS. Wengine walipelekewa SMS na kupigiwa simu mara moja kwa wiki, dakika 15 hadi 20, mzazi ameweka spika na mtoto anajibu. Waliopata SMS peke yake hawakusogea vya kuonekana. Waliopigiwa walisogea. Hakukuwa na bando wala skrini ya kugusa. Ilikuwa sauti ya mtu mzima anayeuliza na kusubiri jibu. Kitochi chako kinaweza hilo, na chaji yake inakaa siku tatu.

Kwa nini nakusukuma sasa, wakati shule ziko wazi na kengele inalia? Kwa sababu mlango hufungwa bila hodi. Uganda iliufunga Machi 2020, ikaufungua kikamilifu Januari 2022. Wapo wasichana walioondoka wanafunzi wakarudi wakiwa na watoto wao. Kagera imepambana na Marburg mwaka 2023 na tena 2025. Desemba 2023 matope ya Mlima Hanang yaliingia Katesh asubuhi moja na kufukia makazi. Mkonze haina kinga maalumu.

Kwa hiyo, kamati ya shule, nawauliza mambo machache na nataka yajibiwe kwenye mkutano wa wazazi ujao, si siku ya janga. Shule ikifungwa kesho, vitabu vitalala kabatini au vitakwenda na watoto? Kama vitakwenda, nani ataandika jina na namba ya kitabu? Kila mwalimu ana namba za simu za wazazi wa darasa lake, na kwa nyumba isiyo na simu, namba ya jirani? Na vocha atalipa nani? Msimwachie mwalimu atoe mfukoni, mshahara wake mnaujua. Kila kaya ikitoa bei ya fungu moja la mchicha kwa wiki, dakika zinapatikana.

Tena msingoje janga mjaribu. Likizo ya Juni iko kwenye kalenda kila mwaka. Chagueni darasa moja, la pili au la tatu. Mwalimu agawe watoto katika siku za wiki, apige simu jioni baada ya watu kutoka shambani, aulize hesabu tatu na kumsikiliza mtoto akisoma aya moja, kisha azungumze na mama dakika mbili: kakwama wapi, kesho afanye nini. Shule ikifunguliwa Julai, wapimeni hao na wenzao ambao hawakupigiwa, mkaone wenyewe. Anzeni na namba za simu wiki hii. Na wewe mama, jioni ya zamu yako, punguza redio, mwite mtoto, weka spika.